Tahadhari kwa wenye Subaru za zamani: nimelipia mkanda wa taimingi ambao haukuwahi kufungwa

Wakuu, habari za majukumu. Nimepigwa, tena kistaarabu, kwa kiti cha kukalia na maji baridi ya chupa. Naandika ili mwenye Impreza, Forester au Legacy ya turbo asipite nilikopita.

Gari langu ni Impreza WRX STI ya 2003, injini EJ207, lita mbili. Nililinunua kwa mtu aliyelitunza vizuri kwa nje, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya matengenezo. Dashibodi inasoma kilomita 118,000, na tunavyozijua dashibodi za magari ya mitumba, namba hiyo niliipokea kama salamu tu. Mkanda wa taimingi wa injini hizi, ndio unaozungusha kamshafti zinazofungua valvu kwa wakati wake, hutakiwa kubadilishwa ukifika kilomita 100,000, na raba inazeeka hata gari likiwa limepaki. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinapinda na hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo sikusubiri dalili. Nikaamua mkanda, rola zote zinazouongoza, tenshona inayoukaza na wota pampu vibadilishwe kwa mpigo, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Ukiiacha ya zamani ikaja kuganda, inauchukua na mkanda mpya.

Uamuzi huo sijutii. Ninachojutia ni mahali nilipoupeleka.

Ni gereji moja hapa Dar, ina bango la nyota na vijana wenye ovaroli safi. Tukakubaliana milioni moja na laki mbili, vifaa na ufundi. Nikaonyeshwa boksi la seti mpya, lina stika na namba, nikalipiga picha. Boksi, siyo kilichomo. "Bosi, wewe nenda kazini, jioni gari lako." Jioni nikakuta injini imeoshwa inang'aa kama sahani ya harusi, na mkanda wa zamani uko kwenye mfuko ili niamini. Nikawaachia na hela ya soda.

Kazi ya kinga ni tamu sana kwa tapeli. Ukibadilisha shokapu unasikia tofauti kabla hujafika nyumbani. Ila hapa umepeleka gari linalowaka, umerudishiwa gari linalowaka, utajuaje? Nilizunguka wiki sita nikiwa nimeridhika kabisa, hadi mguu ukawa mzito nikikuta barabara ya Bagamoyo iko wazi. Nikikumbuka rola zilizokuwa mle ndani, nasisimka.

Wiki ya saba kulanti, maji ya kupozea injini, ikaanza kudondoka mbele ya injini. Nikawarudia. Kava hawakufungua. Fundi mkuu akainama na tochi, akaguna, akasema gasketi za silinda hedi ndiyo zinaanza kuvuja, Subaru ndivyo zilivyo. Tushushe injini, tufungue hedi zote mbili, na beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, tubadilishe kabisa kabla injini haijanoki, yaani kuanza kugonga. Milioni nne na nusu. Akanipeleka kwenye kona kunionyesha injini ya mteja mwingine, konrodi imetoboa bloku. Niliogopa kweli. Uongo wake ulikuwa umesimama juu ya jambo la kweli: EJ ya turbo ikikosa oili, beringi za konrodi ndizo zinazotangulia.

Kilichoniokoa ni kukosa hela. Shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja anayefanya Subaru chini ya mwarobaini, hana bango wala kiti. Hadithi yangu hakuisikiliza. Alimulika bolti za kava la mbele, akaniita, "Njoo uone, mwanangu." Za juu zimeoshwa. Za chini zimezungukwa na vumbi lililogandamana na oili, tabaka la miaka, hakuna spana iliyowahi kupita. Akafungua. Mkanda maandishi yote yamefutika, mgongo una nyufa. Rola moja ukiizungusha kwa kidole inakoroma. Kulanti ilikuwa inatoka kwenye kitundu kidogo cha chini ya pampu, ileile niliyoambiwa ni mpya. Gasketi hazikuwa na neno: chupa ya kulanti haitoi mapovu injini ikipata moto, oili haijawa rangi ya maziwa, kompresheni ya silinda zote nne imelingana.

Kisha akaomba ule mkanda wa kwenye mfuko, akaulaza sambamba na alioutoa. Ulikuwa mfupi. Ni wa injini yenye kamshafti mbili, yangu ina nne. Nilikuwa nautunza kwenye buti kama cheti.

Kuhusu konrodi, mzee alikataa kufungua. Presha ya oili ni nzuri, haigongi, unafungua ili iweje? Akataka nipime stiki ya oili kila wiki, maana turbo hizi zinakunywa, oili nibadilishe kila kilomita 5,000, na filta ya zamani tuipasue kutafuta vipande vya chuma. Alishusha sampo tu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaangalia bomba la kunyonyea oili, kwa sababu kwenye injini hizi hupasuka kwenye maungio. Langu zima.

Safari hii nilikaa hapohapo kwenye ndoo. Rola za zamani na pampu nilizitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu kabla hazijatolewa, na mkanda mpya niliupiga picha kava likiwa wazi, ile mistari iliyochapwa juu yake ikiwa imelingana na alama za puli. Vya zamani vyote viko kwangu, na boksi pia. Na daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilipewa ya mkono, sasa kudai nako ni mtihani.

Nimewarudia na mikanda yote miwili. Eti kijana aliyefanya kazi ameshaacha. Wakanipa ofa ya laki tatu nifute picha, nimekataa. Wakati tunabishana, kwenye kaunta kulikuwa na boksi la seti ya Subaru, namba ileile, kona imechanika upande uleule kama kwenye picha yangu, na jamaa mmoja mwenye Forester amelisimamia na simu mkononi anatafuta pembe nzuri ya kulipiga. Nikamwambia aombe kwanza lifunguliwe.