Dart Big M: bloku ya kujengea Chevrolet ya inchi 540, na gharama zinazojificha nyuma ya bei yake

Mtu anayetaka gari la Kimarekani la kuendea kazini Jumatatu na kupiga robo maili Jumamosi ana njia tatu za kupata V8 kubwa ya Chevrolet. Ya kwanza ni kuokota bloku ya zamani ya 454, ile iliyoingia sokoni 1970 ikiwa na silinda za inchi 4.251 na mwendo wa pistoni wa inchi 4.000. Ukiichonga mpaka 4.310 na kuivika krenkishafti yenye mwendo wa 4.250, unapata inchi za ujazo 496. Ya pili ni kununua injini nzima iliyofungwa kiwandani, kama ZZ572/620 ya Chevrolet yenyewe, yenye kompresheni (kiwango cha kubana hewa na mafuta ndani ya silinda) ya 9.6 kwa 1 na nguvu za farasi 620. Ya tatu, tunayoipima hapa, ni kununua bloku tupu ya chuma ya Big M kutoka Dart ya Michigan na kujenga injini yako juu yake: silinda za 4.500, krenkishafti ya 4.250, jumla inchi 540, sawa na lita 8.9 hivi.

Bloku hii inastahili pesa yake, ila si kwa sababu watu wengi wanayoitaja. Bloku haiongezi hata farasi mmoja. Nguvu inatoka kwenye silinda hedi, kemshafti na kompresheni. Unacholipia hapa ni meni (beringi kuu zinazobeba krenkishafti) zisizotikisika, oili inayofika panapotakiwa na kuta nene za silinda. Kama lengo lako halivuki farasi 550, chukua 454 nzuri, ifanye 496, na chenji iende kwenye silinda hedi.

Ukiiweka Big M mezani kando ya bloku ya kiwandani, tofauti unaiona kabla hujashika kipimo. Kepu za meni ni nene, na zile za katikati zina bolti za nje zilizoinamishwa kuelekea kwenye nyama ya bloku badala ya kushuka wima. Silinda zimeungana ubavu kwa ubavu, hakuna maji yanayopita katikati yake. Upande wa nje, ukuta wa njia ya maji umefuata umbo la silinda ili maji yazunguke kila moja kwa usawa. Matundu ya bolti za silinda hedi yamezibwa chini, hayatoboki kwenye maji. Mwenye 454 anayejua kupaka gundi kwenye kila uzi wa bolti na bado akakuta maji yanachuruzika ataelewa thamani ya hilo. Na oili inaanza kwenye meni za krenkishafti ndipo iende kwa kemshafti na tapeti, mpangilio unaookoa beringi pale mzunguko unapopanda na oili inapokuwa ya kugombaniwa.

Sehemu nyingi za Mark IV, ukoo wa injini ulioanza na 396 ya 1965, zinaingia bila ubishi: gasketi za silinda hedi, sili ya nyuma ya vipande viwili, kava ya mbele, mota ya kuwashia. Usichanganye na sehemu za Gen V na Gen VI, vizazi vilivyofuata. Krenkishafti za vizazi hivyo zinatumia sili ya kipande kimoja, na gasketi zake za silinda hedi zina matundu ya maji yaliyopangwa tofauti.

Sasa upande ambao tangazo halikuambii. Bloku ni mpya, lakini haiko tayari kufungwa. Silinda zimeachwa ndogo kidogo kwa makusudi ili fundi wako amalizie kwa kuhoni (kusugua kuta kwa mawe ya kusagia) kulingana na pistoni ulizonunua. Kwa hiyo pistoni ziwe mkononi kwanza, zipimwe moja moja, ndipo bloku iende karakana. Na uhoni ufanyike bloku ikiwa imefungiwa sahani nzito mahali pa silinda hedi, kwa studi (fimbo zenye uzi pande zote mbili) zilezile, gasketi ileile na torki (nguvu ya kukaza) ileile utakayotumia mwishoni. Studi zinapokaza huvuta ukuta wa silinda. Ukihoni bila sahani, silinda ni duara mezani na si duara tena injini ikishafungwa. Ringi hazikai, na moshi wa buluu unaanza kabla ya oili ya kwanza kumwagwa. Fundi akikuambia sahani haina maana, tafuta karakana nyingine.

Meni nazo zipimwe. Tundu la beringi linatakiwa liwe inchi 2.937 hadi 2.938 kepu zikiwa zimekazwa. Kosa linalojirudia ni kupima kwa bolti zilizokuja na bloku, kisha siku ya kufunga mtu anaweka studi. Studi hukaza kepu kwa namna nyingine na tundu linabadilika umbo. Inabidi mstari mzima wa meni uhoniwe upya. Amua mapema, bolti au studi, ukae na uamuzi huo. Nafasi ya oili kwenye meni iwe inchi 0.0025 hadi 0.003, kwenye konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenkishafti) karibu 0.0025, na krenkishafti icheze mbele na nyuma kati ya 0.006 na 0.010.

Usafi ni kazi ya siku nzima, usiidharau. Toa vizibo vyote vya njia za oili, pitisha brashi ndefu kwa maji ya moto na sabuni kila upande, kisha puliza. Vumbi la kuhoni ni mchanga mkali uliochanganyika na chuma, na petroli au dizeli peke yake hailiondoi kwenye mikwaruzo ya silinda. Futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili nyepesi: kikitoka na kijivu, rudia. Ukimaliza paka oili papo hapo, maana chuma kilichooshwa hivi kinaanza kutu ukiwa unakitazama. Kabla ya kuosha, pitisha tupa kwenye kingo kali, hasa chini ya silinda na kwenye matundu ya kurudishia oili.

Hesabu ya kompresheni ndiyo inayoamua kama gari litaendeka barabarani. Big M ya kimo kifupi ina inchi 9.800 kutoka katikati ya krenkishafti hadi uso wa juu wa bloku. Nusu ya mwendo wa krenkishafti ni 2.125, ongeza konrodi ya 6.385 na pistoni yenye kimo cha 1.270 (kutoka pini yake hadi uso wa juu), unapata 9.780. Pistoni inabaki 0.020 chini ya uso wa bloku. Kwa silinda hedi ya alumini yenye chemba ya cc 119, gasketi ya unene wa 0.039 na pistoni yenye kipaa (uso ulioinuka) cha cc 18, kompresheni inatoka karibu 10.5 kwa 1. Ukisaga uso wa bloku hadi pistoni iwe sawasawa nao, unafika karibu 10.9, na pengo la kubanana, kati ya pistoni na silinda hedi, linashuka kutoka 0.059 hadi 0.039, ambalo kwa konrodi za chuma ni zuri na linasaidia injini isigonge. Ukipenda pengo hilo bila kompresheni ya juu, punguza kipaa. Pistoni bapa yenye mifuko ya valvu ya cc 3, bila kusaga, inakupa karibu 9 kwa 1.

Hapa msomaji aliye Muscat au Dubai, ambako V8 za Kimarekani ni nyingi, awe macho. Petroli inayoandikwa 93 kwenye pampu za Marekani hupimwa kwa wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya oktani, kwa hiyo inakaribia RON 98. Orodha ya vipuri inayosema "10.5 inatosha kwa 93" haizungumzii RON 95. Kwa RON 95 na joto la Ghuba, 9.5 ni mahali pa amani, 10.5 itakulazimisha kurudisha taiming (wakati wa cheche) nyuma mpaka faida yote ipotee.

Bloku ina nafasi ya kutosha kwa krenkishafti ya 4.250, lakini nafasi ya kutosha haikuondolei kazi ya kuzungusha kwa mkono. Funga krenkishafti na konrodi zote nane bila ringi, zungusha taratibu, na hakikisha kichwa cha bolti ya konrodi kiko mbali angalau inchi 0.060 na ukingo wa chini wa silinda, na ukingo wa sampu, na bomba la kunyonyea oili. Sampu ya 454 ya kiwandani ndiyo inayogongwa mara nyingi. Panga bajeti ya sampu pana tangu mwanzo. Kati ya valvu na pistoni, acha 0.080 upande wa kuingiza na 0.100 upande wa ekzosi. Pengo la ringi ya juu kwa injini inayovuta hewa yenyewe ni inchi 0.0045 kwa kila inchi ya silinda, yaani 0.020. Ukikusudia naitrosi, gesi ya kuongeza nguvu, nenda kwa 0.007 kwa kila inchi, karibu 0.031. Ringi yenye pengo dogo ncha zake hugusana ikipata moto, na ukuta kati ya mifereji ya pistoni huvunjika.

Kuna mtego wa mizani pia. Injini za 454 za kiwandani zilisawazishwa kwa uzito uliowekwa kwenye puli ya mbele na flaiwili. Krenkishafti nyingi za 4.250 zinazouzwa sasa husawazishwa ndani. Ukiivika moja ya hizo puli ya 454, gari litatetemeka kama linasaga mahindi, na beringi zitaliwa. Uliza kabla ya kununua, kisha nunua puli na flaiwili za upande mmoja.

Kemshafti usiende nayo mbali. Kwa gari la barabarani lenye 540, rola ya haidroliki (tapeti zenye gurudumu, zinazojirekebisha kwa oili) yenye muda wa valvu kufunguka wa digrii 240 hivi, ukipimwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050, inatosha kabisa. Injini ya ujazo huu inameza kemshafti ambayo ingelifanya 396 lishindwe kusimama kwenye taa. Karbureta ya cfm 950 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) na taiming ya jumla ya digrii 34 hadi 36, na farasi 600 na ushei wanapatikana bila kulazimisha. Rola ngumu, isiyo ya haidroliki, inafaa kwa anayekubali kurekebisha valvu mara kwa mara. Anayesema hataki kazi hiyo na bado akainunua hujikuta na springi iliyovunjika.

Pampu ya oili ya ujazo wa kawaida yenye springi ya presha ya juu inatosha kwa nafasi za beringi zilizotajwa. Pampu ya ujazo mkubwa huimaliza sampu ndogo haraka zaidi kuliko oili inavyorudi. Shafti ya kuizungushia iwe na shingo ya chuma, si ya plastiki. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza oili kwenye njia zake kwa drili kupitia tundu la distribyuta, ukizungusha kufuata saa. Tumia chombo chenye mwili kama wa distribyuta. Fimbo tupu inaacha oili imwagike kwenye tundu hilo na tapeti za upande mmoja zinabaki kavu. Zungusha krenkishafti robo mzunguko kila baada ya muda mpaka oili itoke kwenye roka zote 16. Presha ya kutazamia ikishapata moto ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000.

Watu huogopa kwamba silinda zilizoungana zitachemsha maji barabarani. Kwa bloku hii si tatizo lenyewe. Ukiona sindano inapanda kwenye foleni, anza na rejeta, boksi la feni na kasi ya pampu ya maji kabla ya kulaumu chuma. Ukuta mnene pia haubadilishi umbo kwa joto kama ule mwembamba wa 454 iliyochongwa mpaka mwisho.

Ubaya wa kweli ni uzito na foleni ya gharama. Ni nzito kuliko bloku ya kiwandani, na uzito wote uko juu ya ekseli ya mbele, kwa hiyo springi za mbele zitahitaji kubadilishwa. Ongeza kuhoni, kusawazisha, beringi za kemshafti, vizibo, sampu na studi, na bei uliyoiona kwenye tangazo inakuwa mwanzo tu wa hesabu. Mwenye haraka, au asiye na karakana anayoiamini, ZZ572 itamfaa zaidi ingawa hatachagua chochote ndani yake.

Wakati wa kuagiza, soma namba mara mbili. Chukua silinda za 4.500, Big M hiyohiyo huuzwa pia kwa 4.560 na 4.600, kwa hiyo siku pistoni ikikwaruza ukuta una pa kuchonga, na ukifika 4.600 kwa krenkishafti hiyohiyo ya 4.250 umepata inchi 565. Na hakikisha kimo ni 9.800. Ile ya 10.200 ni ya krenkishafti ndefu zaidi: inadai manifoldi pana au vipande vya kujazia, pushrodi ndefu na distribyuta yenye shingo ya kurekebisha, na inasukuma kila silinda hedi nje zaidi ya robo inchi, umbali unaotosha kuzifanya ekzosi zako ziguse boksi la stelingi.