Tahadhari: anayegeuza baiskeli za gia kumi kuwa za tairi pana hapa Dodoma

Ndugu wakazi wa Dodoma na wilaya jirani, hasa mnaomiliki baiskeli za zamani za gia kumi, zile zenye usukani uliopinda kuelekea chini na matairi membamba, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejitangaza katika makundi ya simu kwamba anazigeuza kuwa baiskeli za kutembelea zenye tairi pana na gia moja. Sitamtaja jina, kwa kuwa suala lenyewe limefikishwa polisi na bado linashughulikiwa, lakini nitaeleza utaratibu wake kwa undani wa kutosha ili atakayekutana naye aweze kumtambua.

Matangazo yake huambatana na picha za kuvutia: rangi mpya, usukani mpana, tandiko la springi na matairi yenye ukingo mweupe. Ukizitazama vizuri utaona kwamba bomba la juu la fremu limepinda kama upinde, ilhali bomba la juu la baiskeli ya gia kumi limenyooka. Kwa maneno mengine, baiskeli zilizo pichani hazikuwahi kuwa za gia kumi. Zimetengenezwa kiwandani kwa ajili ya matairi ya inchi 26 kwa 2.125, aina ambayo kampuni ya Schwinn ilianza kuiuza Marekani mwaka 1933, na fremu zake huachwa na nafasi kubwa kwa makusudi.

Hamu ya watu ninaielewa. Anayeishi Nkuhungu au Nzuguni na kupita kila siku kwenye njia za mchanga anajua jinsi tairi jembamba linavyozama, na tairi pana lenye upepo wa wastani hupita juu ya mchanga huo bila shida kubwa, ingawa mbigiri za huku kwetu hazibagui tairi la aina yoyote. Ni hamu hiyo anayoitumia muuzaji huyu.

Kwanza hutaka nusu ya malipo itumwe kwa simu kabla hajaiona baiskeli, na jina linalotokea wakati wa kutuma si lile analojitangazia. Risiti hatoi. Pili, husisitiza apelekewe baiskeli nzima, si fremu peke yake, akidai kwamba anahitaji kupima kila kitu. Rimu za aluminiamu, vibadilisha gia, breki na mikono ya pedali havirudi tena. Ukiviulizia unaambiwa vilikuwa vimechoka na vimetupwa, jambo ambalo kwa rimu nzima za aluminiamu ni vigumu kuliamini. Tatu, baada ya kuchukua baiskeli, hupiga simu na kusema kwamba fremu yako ni ya aina ngumu, hivyo uongeze fedha. Mimi niliombwa nyongeza hiyo mara mbili, na kila mara sababu ilikuwa tofauti.

Hata hivyo, fedha si ubaya mkubwa kuliko yote. Baiskeli nyingi za gia kumi za miaka ya 1970 zilitumia magurudumu ya inchi 27, ambayo kipenyo chake mahali tairi linapokaa kwenye rimu ni milimita 630. Gurudumu la inchi 26 analofunga yeye lina milimita 559. Tofauti hiyo ya milimita 71 ina maana kwamba ukingo wa rimu unashuka kwa zaidi ya sentimita tatu na nusu chini ya pale breki za zamani zinapobana, hivyo vibao vya breki vinagusa tairi lenyewe au hewa tupu. Fundi mwaminifu angefunga habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya breki ya kukanyaga pedali nyuma, na ndivyo tangazo lilivyoahidi. Baiskeli yangu ilirudi ikiwa na habu ya kawaida ya frewili, ambayo pedali zikirudishwa nyuma huzunguka bure tu bila kufunga breki, breki zote mbili zikiwa zimefunguliwa na waya zake kukatwa. Nilikabidhiwa baiskeli iliyopakwa rangi vizuri ambayo haikuwa na njia yoyote ya kusimama isipokuwa soli za viatu, na mtu huyo akaniaga akinitakia safari njema.

Tairi pana nalo halikuwa limeingia kwa haki. Pengo kati ya mabomba mawili ya nyuma, karibu na pedali, ni milimita 44 kwenye fremu yangu, na tairi alilofunga lina maandishi 54-559 ubavuni, yaani upana wa milimita 54. Alichofanya ni kuyagonga mabomba hayo kwa ndani hadi yakabonyea, kisha akafunika kwa rangi nzito. Ukipitisha kidole unalihisi bonde lenyewe, na upande wa kushoto raba ilikuwa imeshakwangua rangi hadi chuma kikaonekana. Bomba jembamba la chuma lililobonyezwa namna hiyo limepoteza nguvu mahali linapobeba mzigo wa kila mkanyago. Habu mpya nayo ilikuwa ya milimita 110 wakati nafasi ya fremu ni 120. Badala ya kujazia washa, yaani vipete vya chuma vya kuziba nafasi, pande zote mbili, alikaza nati hadi fremu ikajikunja, na cheni ikawa inachomoka.

Wapo wengine ambao hakuwabadilishia magurudumu kabisa, bali aliwauzia matairi ya 28 kwa 1½, yale ya baiskeli kubwa za mizigo, akiwaambia kwamba yanaingia tu kwenye rimu ya 27. Yanaingia kwa urahisi kwa sababu ni makubwa: kipenyo chake ni milimita 635. Tairi lililozidi rimu kwa milimita tano hukaa likiwa na upepo mdogo, na likijazwa sawasawa huruka nje ya rimu pamoja na tyubu.

Anayetaka kazi hii ifanyike kwa halali asome kwanza namba zilizo ubavuni mwa tairi lake, zile zenye kistari katikati. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo, na hiyo ya pili ndiyo isiyokubali ubishi. Kisha apime pengo la fremu mbele na nyuma na kutoa angalau milimita tano kila upande. Kinachobaki ndicho upana wa tairi unaowezekana. Kwa fremu nyingi za inchi 27, jibu la kweli ni gurudumu la kipenyo cha milimita 622 lenye tairi la milimita 35 hivi, ambalo kwa kawaida huruhusu breki za zamani kushushwa kidogo na kuendelea kutumika. Si pana kama la pichani, lakini kwa njia zetu linatosha.

Kabla ya kumwachia mtu yeyote baiskeli, ipindueni na kunakili namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya mhimili wa pedali, kisha ipigeni picha pamoja na kila kifaa kilichofungwa. Polisi waliniuliza namba hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Wenye fremu ambazo bado ziko kwake wasitume nyongeza yoyote, waende kuzichukua wakiwa na mjumbe wa mtaa au shahidi, na ujumbe wake wa kudai fedha wautume kwenda 15040, namba inayopokea taarifa za utapeli wa simu. Kwa sasa ameacha namba ya awali na anatumia nyingine, huku picha zikiwa ni zilezile za fremu zenye bomba la juu lililopinda.