Wakala wa bima pale karibu na soko kuu Tabora: nyota nne, ya tano imeliwa na mtandao

Nina wiki mbili nasema ntaandika hii, leo mvua imenifungia ndani basi ngoja niimalize.

Mi nina Probox, nabebea asali kutoka Sikonge kuleta mjini Tabora, saa nyingine nasogea mpaka Nzega. Mwezi uliopita narudi na madumu kumi na mawili nyuma, pale kijijini kuna kibao cha 50, mi nipo 67, tochi ikanidaka. Sibishi, kosa langu. Balaa likaanza afande alipoingiza namba ya gari kwenye kile kimashine chao, akanyamaza, akanitazama, akairudia tena namba. "Kijana, hii gari inadaiwa."

Madeni matatu ya faini za barabarani. Moja langu kweli, la Puge, nilisema ntalipa kesho na hiyo kesho ikawa kama ya fundi cherehani. Mawili yalikuwa ya kipindi gari iko Dar kwa yule aliyeniuzia, mi hata sijawahi kuikanyagia mafuta huko. Nikajaribu kujieleza weee, afande kanisikiliza vizuri tu alafu kasema deni linasoma kwenye namba ya gari, mengine mtajuana wenyewe. Bado hajanimaliza, akaomba bima. Nikamwonyesha stika kwenye simu kwa kujiamini kabisa, akaipiga kwenye mfumo, haipo. Haijaisha muda jamani, HAIPO. Nilikatiwa na jamaa mmoja kwa WhatsApp, akanirushia PDF nzuri ina nembo na kila kitu, kumbe nimenunua picha. Leseni ikabaki kwa afande, nikaambiwa nikilipa yote niifuate kituoni. Madumu niliyarudisha mjini kwa gari ya mtu na Probox akaja kunisogezea shemeji yangu.

Fundi wangu ndo akanielekeza kwa huyu dada. Usitegemee ofisi ya kung'aa, ni kafremu kamebanwa kati ya duka la simu na mama wa vitenge, kiti cha plastiki kimoja, laptop imepasuka kioo kwenye kona, na kisahani cha karanga ambazo anakukaribisha hata kabla hujasema shida yako. Nikakaa nikijua ataanza na hela. Hakuanza na hela, akaniambia nimtajie namba ya gari, akafungua ule ukurasa wa polisi wa kuangalia madeni, akanigeuzia laptop nisome mwenyewe: tarehe, sehemu, kosa, na penalti juu yake maana faini ya elfu 30 ukiilaza inazaa. Sikujua kama ile kitu mtu yeyote anaweza kuangalia, bure, kwa namba ya gari tu. Ningeangalia siku nanunua ile Probox ningemkata yule muuzaji bei palepale, au angalau tungegombana mapema.

"Sasa kaka, unabebea nini hii gari?"

Nikasema asali.

"Ya kula nyumbani au ya kuuza?"

Nikacheka, madumu kumi na mawili nani ale. Akasema basi mambo ya bima ya gari binafsi tusahau. Nikawaza haya, ndo ananipandishia bei huyu, maana bima ndogo ya gari binafsi kila mtu anaijua ni 118,000, laki moja na VAT yake. Kumbe ana hoja. Ukimgonga mtu na mzigo wa biashara uko nyuma wakati karatasi inasema matumizi binafsi, umeshaipa kampuni mlango wa kutokea. Ilizidi kidogo kuliko nilivyopanga, iliniuma, nikalipa. Bima kubwa nilimuuliza tu kwa heshima, mfuko ulikuwa umeshagoma, kwahiyo ieleweke Probox yangu ikiumia hapo ni mimi na fundi, hiyo ndogo inamlipa niliyemgonga.

Kitu kilichonifanya niandike hii ni alichosema akiwa ameshapokea hela yangu. Kaniambia bima inasoma kuanzia leo ila usiguse usukani mpaka leseni irudi, kwasababu siku ya ajali wanataka ripoti ya polisi na nakala ya leseni, sasa yako iko kwenye bahasha ya afande, utawapelekea nini? Yule wa PDF angeniambia endesha tu mdogo wangu.

Stika ilipotoka hakunirushia akaniaga. Aliniambia nishike simu yangu mwenyewe, niingie kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini, niandike namba, ikatokea gari yangu, jina la kampuni na tarehe ya mwisho. Hapo ndo nikapumua. Mwisho akanisaidia kutoa kontroo namba za madeni moja moja, yale ya zamani matatu na haya mapya mawili ya spidi na bima, nikalipa kwa simu, na hajanitoza hata mia kwa hilo, alikataa, basi nikamwachia hela ya soda, akainunulia karanga zingine.

Sasa lawama. Nimefika saa mbili asubuhi, kafungua saa nne na robo, wala hana haraka. Mtandao ulikata mara mbili katikati ya malipo, nikaambiwa "subiri kidogo" na hicho kidogo kikafika adhuhuri. Hana fotokopi, anakutuma uvuke barabara na kadi ya gari mkononi, kwenye vumbi lile. Na anaongea na wateja watatu kwa mpigo, kuna mzee wa bodaboda alinikatizia foleni hivihivi naona, akapewa na karanga.

Kituoni nilienda kesho yake asubuhi na meseji zote za malipo. Afande kaangalia kwenye mfumo, moja ilikuwa bado inasoma deni, nikakaa kwenye benchi karibu saa nzima mpaka ikabadilika. Leseni yangu ilitoka kwenye bahasha ya kaki, zimefungwa na raba bendi kama kumi hivi, ya kwangu ya katikati.

Mkienda pelekeni kadi ya gari, kitambulisho na chaji ya simu. Na Ijumaa msiende kati ya saa sita na saa nane, anaenda swala, utakuta kile kiti cha plastiki kimegeuzwa mlangoni.