Rivyu ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani): dhamira yake, ilichofanya, na ni nani hasa anaingia pale

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika maswali yanakuwa yale yale, UDSM ikoje, nimpeleke dogo Mlimani au Dodoma au SUA (chuo cha kilimo Morogoro), na majibu mengi ni ushabiki mtupu, huyu anakwambia Mlimani ndo chuo vingine vinafuata, yule anakwambia pale watu wanadisko sana (wanafukuzwa kwa kufeli) usijaribu. Mi nataka tukiangalie hiki chuo kama kitu ambacho mtu anakilipia kwa hela na kwa miaka yake mitatu au minne ya ujana, kwahiyo swali langu ni kilianzishwa kifanye nini na kweli kimefanya. Nakipa nyota nne kati ya tano, na sababu za kukosa ya tano mtaziona huko chini maana zipo na siyo ndogo.

Kwanza kilikotoka, maana wengi wanaosoma pale wanapita Nkrumah Hall kila siku (lile jengo lililokuwa kwenye noti ya mia tano) na hawajui. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, miezi miwili hivi kabla ya uhuru, kikiwa tawi la University of London, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi 14, tena kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi haijapandisha bendera yake bado lakini tayari ina darasa la wanasheria, na chama kinachodai uhuru ndo kimetoa nafasi. Mwaka 1963 kikaingia kwenye University of East Africa pamoja na Makerere na Nairobi, 1964 wakahamia kilimani walipo mpaka leo, na 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Kaulimbiu ni Hekima ni Uhuru.

Sasa dhamira. Kila chuo kina maneno mazuri kwenye karatasi, na UDSM nao wana dira yao ya 2061 ya kuwa chuo cha hadhi ya dunia kinachojibu mahitaji ya nchi na kanda. Sawa. Ila mimi dhamira ya chuo siitafuti kwenye karatasi, naitafuta pale palipoumana. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima na kukatwa mshahara wakiwa huko, wakawa wanaona wao wasomi wanaonewa wakati wakubwa serikalini wanakula vizuri. Nyerere akawafukuza, mamia, warudisheni nyumbani wote, na siku hiyo hiyo akasema mshahara wake mwenyewe unapungua kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Lakini kuanzia hapo swali la msomi wa Mlimani anamtumikia nani halikuondoka tena, na mwaka uliofuata baada ya Azimio la Arusha chuo kikakaa chini kujadili nafasi yake kwenye nchi ya kijamaa, na matunda yake mojawapo ni zile kozi za maendeleo ambazo leo wanafunzi wanaziita DS.

Hizo DS zinalalamikiwa sana, utasikia mtu wa injinia anasema inampotezea muda, anataka asome mitambo yake amalize. Mimi nazitetea kwa nguvu zote. Injinia anayejenga barabara bila kujua kwanini kijiji kimoja kilipata na kingine hakikupata ni hasara kwa nchi, na chuo kinachomlazimisha mtu wa fizikia akae darasa moja na mtu wa uchumi wajadili umaskini unatoka wapi kinafanya kazi yake. Kinachotakiwa ni zifundishwe vizuri, zisiwe za kukariri noti za miaka ya nyuma halafu zinakuja kutapikwa kwenye mtihani, na madarasa yake yapunguzwe ukubwa maana huwezi kujadili kitu mkiwa umati.

Enzi hizo za mwisho wa miaka ya 60 na mwanzo wa 70 pale kulikuwa moto kweli. Walter Rodney alifundisha historia Mlimani 1966 hadi 1967 akarudi tena 1969 mpaka 1974, Terence Ranger ndo aliianzisha idara yenyewe, kina Isaria Kimambo na Arnold Temu wakaifanya historia ya Afrika iandikwe Waafrika wakiwa ndo watendaji, siyo historia ya magavana na wamisionari. Museveni alisoma pale akamaliza 1970, Kikwete 1975 uchumi, Magufuli alichukua udaktari wake wa kemia pale pale 2009, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya Willy Mutunga naye alisomea sheria Mlimani. Asha-Rose Migiro alifundisha sheria pale kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Orodha ya viongozi ni ndefu na watu wanapenda kuitaja, ila mimi sioni kama kutoa marais ndo kipimo kikubwa cha chuo cha utafiti, nimeitaja tu kwasababu mtu atauliza.

Kipimo changu mimi ni mwani.

Nenda Paje au Jambiani kule Zanzibar maji yakiwa yametoka, utaona akina mama wapo kwenye mashamba yao ya kamba na vigingi. Ile kazi haikuja yenyewe. Profesa Keto Mshigeni wa UDSM alikuwa anafanya utafiti wa mwani tangu miaka ya 70 wakati watu wengi wanaona ni majani ya baharini tu, na kilimo cha biashara kikaanza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino. Leo mwani ni kati ya bidhaa kubwa Zanzibar inazouza nje na wakulima wengi ni wanawake, wanawake ambao hapo kabla hela ya mkononi ilikuwa ni ya mume. Halafu chuo hakikuishia hapo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya UDSM ambayo iko Zanzibar tangu 1978 iliendelea. Joto la bahari lilipopanda, ile aina yenye bei nzuri, kotoni, ikaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi, na mtafiti wa pale, Dk. Flower Msuya, akahangaika na njia ya kuilima kwenye maji ya kina kirefu kwa nyavu za mirija, na akasaidia wakulima kujiunga na kutengeneza sabuni na vitu vingine badala ya kuuza mwani mkavu kwa bei ya kutupa. Bado kuna shida kibao, kina kirefu kinataka boti na mtu anayejua kuogelea na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Lakini hii ndo maana ya chuo cha utafiti, mtu anakaa na tatizo miaka thelathini na linapobadilika sura anabadilika nalo, hakimbilii mada nyingine kwasababu mfadhili kahamia huko.

La pili ni Kiswahili. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya 1930 ndo babu wa taasisi ya Kiswahili ya pale, ikaingia chuoni 1964 tukaijua kama TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), 2009 ikaungana na idara ya Kiswahili ikawa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitoka kwao, na wanafunzi wa Kiswahili wanaandika tasnifu zao kwa Kiswahili kabisa, mijadala mizito ya fonolojia na ushairi kwa lugha tunayoombea chumvi mezani. Nawaheshimu sana watu wale. Na ndo maana inaniuma kwamba ukitoka tu mlango wa TATAKI ukaenda ndaki nyingine (vile vitivo vikubwa vya chuo), utafiti wote uko kwa Kiingereza, hata ule unaomhusu mkulima wa Kilosa au mvuvi wa Mafia, na yule mvuvi aliyetoa data hatakuja kuusoma. Hapa ndo nusu ya ile nyota yangu ya tano imepotelea. Sisemi wabadilishe lugha ya kufundishia kesho asubuhi, hilo ni la sera ya nchi. Nasema kila tasnifu ya masta na PhD iwe na kurasa mbili tatu za muhtasari wa Kiswahili kinachoeleweka, ziwekwe wazi mtandaoni pamoja na yale majarida yao ambayo tayari yako wazi. Wataalamu wa kuhariri wapo hapo hapo kilimani.

Kingine ambacho watu hawakihesabu kama mafanikio ni vyuo ambavyo UDSM imevizaa. Kitivo cha kilimo Morogoro kikaondoka kikawa SUA 1984. Muhimbili ilikuwa kitivo chake cha tiba, 2007 ikawa MUHAS, chuo kikuu cha afya, na mwaka huo huo chuo cha Ardhi nacho kikajitegemea. Yaani ukimsifu daktari wa Muhimbili au mtaalamu wa mbegu wa SUA kuna mkono wa Mlimani kwa nyuma. Hasara yake ni kwamba chuo mama kilibaki bila tiba na bila kilimo, na sasa kimeanza upya, kuna ndaki ya afya Mbeya na kilimo kimerudi. Kwahiyo anayetaka udaktari asichague jina la UDSM kwa kudhani ndo kongwe kwa tiba, ukongwe wa tiba uko Muhimbili.

Tuje kwenye udahili, hapa nitakaa kidogo. Kutoka wanafunzi 14 mpaka makumi ya maelfu wa leo, na katikati kila sera ya nchi imeacha alama yake kwenye ule mlango wa kuingilia. Azimio la Musoma la 1974 lilisema ukimaliza kidato cha sita na JKT huendi chuo moja kwa moja, unafanya kazi kwanza angalau miaka miwili, halafu mwajiri na chama wakupendekeze. Nia ilikuwa nzuri kwa maana ya wafanyakazi kupata nafasi, lakini idadi ya wasichana ikaporomoka, kwasababu msichana wa miaka ishirini akikaa miaka miwili uraiani anaolewa na hadithi inaishia hapo. Ilibidi 1976 wanawake waondolewe hilo sharti. Ndo maana mtu akiniambia vigezo vya udahili ni mambo ya kiufundi tu simwelewi, sharti moja la karatasi lilifuta wasichana kwa miaka miwili. Chuo baadaye kilijitahidi, kikaweka kozi za maandalizi kwa wasichana wa sayansi na injinia ili wafikie vigezo, na pale kwenye ndaki ya uhandisi matokeo yake yalionekana. Bado wavulana ni wengi kwenye mitambo na hesabu, hilo halijaisha.

Miaka ya 90 ikaja kuchangia gharama, 2005 bodi ya mikopo ikaanza kazi, na hapo sura ya mwanafunzi ikabadilika tena. Mtoto wa mkulima anaingia ndiyo, ila maisha yake yote kilimani yanategemea bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limetoka au halijatoka. Mwaka huo huo wa 2005 vikaanza vyuo vishiriki vya ualimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE Iringa, kwasababu sekondari za kata zilikuwa zinataka walimu kwa haraka, na mpaka leo walimu watarajiwa ni kundi kubwa mno kwenye familia ya UDSM. Sifa za chini kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu vizuri kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4, lakini kozi zinazogombewa hapo hufiki nazo popote, ukiwa na pointi 4 na umejaza sheria au injinia ya kompyuta umejipotezea chaguo. Waliotoka diploma nao wana njia yao, na ni wazuri, wengi wanakuja wanajua kazi kwa mikono tayari.

Huduma nazipitia haraka. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafunguliwa 2018, inaingiza watu 6,000 kwa wakati mmoja, hiyo hakuna wa kubisha. Hosteli za Magufuli za 2017 zinalaza wanafunzi 3,840, zimepunguza makali, ila ukilinganisha na idadi ya wanaodahiliwa wengi bado wanapanga mtaani, bajeti ya chumba na nauli uiweke kichwani mapema. Kampasi ina miti, ina upepo, kutembea kwake kuna milima ya kutosha.

Nusu nyingine ya nyota imepotelea kwenye mwanafunzi wa digrii ya kwanza. Chuo kinajiita cha utafiti lakini mtu anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa amekutana na utafiti kwenye slaidi tu, kozi yenyewe ni kipindi, testi, sapu (mtihani wa marudio) kwa wenye bahati mbaya, basi. Wiki ya utafiti na ubunifu ipo kila mwaka na vitu vinavyooneshwa ni vizuri, wanaohusika ni wachache. Wahandisi wana projekti ya mwaka wa mwisho, wanasayansi wa bahari wanaingia majini kweli, lakini kozi zenye watu mia na mia, bahati yako ni lekchara mmoja tu akikuona.

Kwahiyo dogo akienda kwenye maonesho ya vyuo Mnazi Mmoja, akifika banda la UDSM ada asiulize, ziko mtandaoni. Aulize ndaki anayoitaka ina watafiti gani, wanafanya projekti gani sasa hivi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaruhusiwa kuingia maabara au kwenda nao fildi. Wakimjibu kwa majina na mahali, ajaze. Wakimpa kipeperushi akaulize na banda linalofuata.