Benchi la Real Madrid 2023/24: spea ilivyobeba gari zima

Mi nakagua benchi kama fundi anavyokagua tairi la spea, siangalii bei wala jina, naangalia likifungwa gari linatembea au linayumba. Sasa hawa jamaa msimu ule waliumia vibaya sana. Agosti tu kipa Courtois goti, beki Militão goti, Desemba beki Alaba naye goti hilohilo, yaani timu nyingine hapo ingeshakufa mapemaa.

Wakamleta kipa Kepa kwa mkopo toka Chelsea, naye akaumia kwenye kupasha kabla ya mechi na Braga, ndo kipa wa akiba Lunin akaingia akapangua penati siku hiyohiyo, na baadaye akawa ndo kipa namba moja mpaka Courtois aliporudi Mei. Kwangu huyu ndo bidhaa bora kwenye benchi lote. Ligi ya Mabingwa, Etihad kwa Manchester City, kwenye matuta Bernardo Silva wao anapiga katikati, dogo kasimama tu kama mtu anasubiri daladala, kaudaka, halafu akala na wa Kovačić. Kipa wa akiba kazi yake ngumu kuliko ya straika wa akiba, huwezi kumpa dakika kumi za kuzoea.

Straika Joselu nakiri nilimdharau, mkopo toka Espanyol iliyoshuka daraja, nikasema huu mtumba wa grade B. Mei 8, nusu fainali, niko kibanda umiza, Bayern wanaongoza moja, dakika ya 81 kocha Ancelotti anamtoa Valverde anamwingiza Joselu, nikasimama nikatukana, jamaa yangu wa Bayern anacheka hadi machozi. Dakika ya 88 Neuer kautema, Joselu huyo. Dakika za nyongeza Rüdiger kammegea, Joselu tena!! Mwenye banda alizima feni tukawa hata hatujasikia joto.

Brahim, kiungo mshambuliaji, safi, lile goli la kuwafunga Leipzig alilokokota mwenyewe ni la mtu anayestahili kuanza. Beki Nacho alicheza msimu ukaisha na kombe la Ligi ya Mabingwa akanyanyua yeye Wembley kama kapteni, ila kasi ilishakwisha, ukweli usemwe. Na beki wa kati hawakuwa na spea ya kueleweka, mpaka Tchouaméni kiungo wa watu akawa anarudishwa nyuma kuziba, hicho ni kiraka sio spea. Hapo nakata nyota moja. Nyota nne kati ya tano.

Kilichoniudhi ni duka lenyewe. Kombe limeingia kabatini, Joselu kaenda zake Qatar, Nacho Saudia, straika wa kichwa hakununuliwa. Aprili 2025 Arsenal wanakuja Bernabéu, uwanja wa Madrid, na mtaji wa tatu bila wa mechi ya kwanza, Madrid wanamimina krosi weee, beki wao Saliba anazitoa kama anachuma maembe. Jamaa yangu wa Bayern kanigeukia taratibu kabisa, "Kaka, hivi yule mtumba wenu mliuuza bei gani?"