Gatow, Berlin: siku nilipompeleka Baba kwenye ndege zake

Nyota tano kwa tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa. Makumbusho ya ndege za kijeshi ya Gatow yako pembezoni mwa Berlin upande wa magharibi. Kiingilio ni bure na Jumatatu wanafunga. Sisi tulikwenda Jumanne, mimi na Baba, tukapanda basi namba 135 pale Rathaus Spandau, kisha tukamalizia kwa miguu. Baba ana miaka sabini na minne na goti la kushoto linamsumbua, kwa hiyo tulikwenda taratibu. Vaeni viatu vya kutembelea, maana mle ndani nako kuna mwendo. Ni uwanja wa ndege halisi. Waingereza waliushika tangu 1945 hadi 1994, na Warusi walipoifungia Berlin ya Magharibi njia za nchi kavu mwaka 1948, unga na makaa ya mawe vilishushiwa hapa kwa ndege, usiku na mchana.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Spandau, sehemu ya Berlin. Baba alikuwa fundi wa ndege jeshini, Ngerengere, enzi za walimu wa Kichina. Utotoni tulimjua kama mtu anayerudi Morogoro mwisho wa wiki na harufu ya mafuta ya taa kwenye kola, asiyesimulia hata neno moja la kazini. Alipokuja kunitembelea mwaka huu sikujua nimpeleke wapi. Maduka hayapendi. Makanisa makubwa aliyaona mawili akasema yanatosha.

Tulipofika kwenye zile za Ujerumani Mashariki akasimama. Mimi niliona ndege ndogo zenye mabawa yaliyolazwa nyuma na pua iliyokatwa kama mdomo wa bomba, zote pacha. "Mama, hesabu vile vibao," akaniambia. Juu ya kila bawa kuna vibao vyembamba vya bati vilivyosimama wima, vya kuzuia upepo usitambae kuelekea nchani. Vikiwa viwili kila upande, hiyo ni MiG-15. Vikiwa vitatu, ni MiG-17. "Yangu ni ya vitatu." Wachina waliiunda hiyohiyo kwa leseni ya Warusi, na walipoiuza nje waliiita F-5. Ndiyo ndege ya kwanza ya kivita ambayo Baba aliifungua na kuifunga.

Mikono aliiweka nyuma, kama mtu aliyeingia sebuleni kwa mkwewe. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza kwa karibu saa nzima. Akanieleza walivyofundishwa kwa vidole: mwalimu anagusa bomba, anataja jina lake kwa Kichina, wao wanachora kwenye daftari na kuandika jina walilolielewa wenyewe. Akanionyesha mahali ambapo mkono wake ulikuwa haupiti mpaka avue saa. Mimi ni mtoto wake wa miaka arobaini na moja, na mengi ya hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Sasa hapa ndipo sehemu hii ilipoubana moyo wangu. Hao walimu wa Kichina hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1964 waliokuja Dar es Salaam kutujengea kikosi cha anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Wakati huohuo Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ilikuwa imeshafungua mlango kwa Wajerumani wa Mashariki. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera yake, sera ya Hallstein: anayeitambua Ujerumani Mashariki, sisi hatuna urafiki naye. Baada ya Muungano Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya kati, Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya konseli mkuu Dar badala ya ubalozi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikawaita wakufunzi wake nyumbani, na Mwalimu akawaambia kama msaada una kamba shingoni, basi chukueni na ule uliobaki. Wakaja Wakanada na ndege zao za Otter na Caribou, na baada yao Wachina, waliotupa ndege za kivita na kuujenga uwanja wa Ngerengere.

Pale Gatow, Ujerumani zote mbili zimewekwa uwanja mmoja. MiG ya Mashariki yenye alama ya nyundo na bikari iko hatua chache tu kutoka Starfighter, ndege ya kivita ya Magharibi yenye msalaba mweusi. Ugomvi wa nchi hizi mbili ndio ulioamua baba yangu ajifunze ufundi kwa lugha gani. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ningejifunza Kijerumani, ningekuwa sikuhitaji wewe unitafsirie," akaendelea kuhesabu ribiti.

Starfighter ndiyo ndege ya kwenda kuitazama kwa utulivu. Jina lake kamili F-104, ya Lockheed ya Marekani. Haina bawa la kusema bawa: ncha hadi ncha haifiki mita saba, na ukingo wa mbele ni mwembamba kiasi kwamba ndege ikiwa chini mafundi waliufunika wasijikate. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba wake mwaka 1959, Franz Josef Strauß akiwa waziri wa ulinzi. Jeshi lao la anga lilikuwa na miaka mitatu tu tangu liundwe upya. Ndege iliyobuniwa ipae juu kwa kasi na kuzuia ndege za adui hali ya hewa ikiwa nzuri, waliiongezea vyombo, wakaipa na kazi ya mabomu, ya nyuklia yakiwemo, ikaruke chinichini kwenye mawingu ya Ulaya. Marubani walijifunzia kwenye jua la Arizona wakarudi kuirushia kwenye ukungu. Tarehe 19 Juni 1962, siku moja kabla ya sherehe ya kuipokea rasmi kwenye kituo cha anga cha Nörvenich, nne zilizokuwa zikifanya mazoezi ya maonyesho zilianguka kwa mpigo, na marubani wote wanne wakafa. Hadi hesabu inafungwa, kati ya ndege 916 walizonunua zilipotea 292, na marubani 116 walikufa. Wajerumani wenyewe waliipa jina la mtengeneza wajane.

Tukiwa tunaizunguka, mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuja na mjukuu wake akamwona Baba anachungulia chini ya bawa pale fundi anapochungulia, si pale mtalii anapopigia picha. Akauliza kama ni mtu wa kazi hii. Nikatafsiri. Na yeye alikuwa fundi, wa Starfighter, miaka ya mwisho ya sitini. Akavua kofia akatuonyesha kovu jembamba lililonyooka, juu kidogo ya nyusi: aliinuka vibaya usiku mmoja, kifuniko cha bawa kikiwa hakijarudishwa. Baba akakunja shati akamwonyesha la kwake kwenye kiwiko. Wakacheka wote wawili kabla sijatafsiri chochote.

Baba akamuuliza swali moja tu: mlipewa muda gani wa kujifunza? Mzee akatikisa kichwa. Alisema waliomtangulia walikuwa wakipokea ndege mpya haraka kuliko walivyoweza kufundisha mtu wa kuzitunza, na nyingi zilikaa nje kwenye mvua kwa sababu mabanda hayakuwa tayari. Mambo yalianza kunyooka, alisema, alipokuja Jenerali Johannes Steinhoff mwaka 1966. Huyu ni mtu ambaye uso wake mwenyewe uliungua kwenye ajali ya ndege mwaka 1945. Alikaza mafunzo na matengenezo, na kiti cha kumrusha rubani nje kikabadilishwa, kikaletwa cha Martin-Baker cha Uingereza. "Yote hayo yangewezekana tangu 1959," akasema yule mzee. Hilo nililitafsiri mara mbili, maana Baba aliniomba nilirudie.

Nami naongeza la kwangu, kwa sababu linanikera mpaka leo. Wakati wajane wanafungua kesi dhidi ya Lockheed, fedha nyingine za kampuni hiyohiyo zilikuwa zimetembea kwingine. Mwaka 1976 Uholanzi, mnunuzi mwingine wa Starfighter, iligundua kwamba Prince Bernhard, mume wa malkia wao, alihusishwa na dola milioni 1.1 za Lockheed. Alivuliwa nyadhifa zake za kijeshi. Nikiwa muuguzi nimeshuhudia mashine ikinunuliwa kwa sababu ya aliyeiuza badala ya mgonjwa atakayelazwa chini yake, kwenye hospitali moja nisiyoitaja, na najua nani hubaki na mashine hiyo usiku.

Kuna kisa kingine yule mzee alitupa tukiwa tunaelekea nje, cha MiG-29. Ujerumani Mashariki iliacha 24. Baada ya kuungana zilipakwa msalaba mweusi zikaendelea kuruka, moja ikaanguka 1996, na 22 Ujerumani ikawauzia Poland kwa euro moja kila moja. Sikuamini nikadhani nimesikia vibaya namba. Lakini mkataba una mizizi: mwaka 2023 Poland ilipotaka kuwapa Ukraine tano kati ya hizo, ilibidi iombe ruhusa Berlin kwanza, na Berlin ikakubali siku hiyohiyo. Baba alilipenda hilo kuliko yote. Kwao pia, alisema, spea zilikuwa hivyo: ndege unayo wewe, ufunguo anao mwenzako, na siku mwenzako akinuna, unaiangalia tu ndege yako.

Mengine kwa haraka. Nendeni siku isiyo na upepo, uwanja uko wazi sana. Bebeni maji na kitafunio. Maelezo mengi ni ya Kijerumani, kwa hiyo asiyejua lugha aende na mwenyeji. Ukienda na mtoto, anzeni na mabanda, nje muache mwisho. Saa tatu hazitoshi kwa mtu kama Baba, kwa mtu kama mimi zinatosha.

Njiani tulipitia duka moja la mjini, tukanunua MiG-17 ya plastiki ya kuunganisha, ya mwanangu. Tulipofungua boksi nyumbani gurudumu la pua halikuwemo. Nilitaka kuirudisha. Baba akasema niache, akachukua kizibo cha chupa na tupa ya kucha kwenye droo yangu, akakaa dirishani. Aliisugua na kuipima kwa kucha ya kidole gumba, akasugua tena, mpaka saa nne usiku. Mjukuu wake alisinzia mezani akisubiri. Asubuhi tulikuta ndege imesimama kwa magurudumu matatu, juu ya kila bawa vibao vitatu, na kizibo kimepakwa wino mweusi.