Ukienda kununua pampu ya kunyonya oili, uliza kwanza tundu la mrija

Nati ya kumwagia oili kwenye sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, ya Toyota IST yangu ilikufa uzi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, gereji mbili tofauti. Mara ya kwanza fundi aliizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, akaniambia haitavuja tena maisha. Ilianza kudondosha kabla sijafika Tabata. Mara ya pili nikauziwa sampo nzima ya mtumba, na siku hiyo nikaapa kwamba oili nitamwaga mwenyewe na nati ile haguswi na mtu tena.

Njia ni kunyonya kwa juu. Unachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unapitisha mrija kwenye bomba lake mpaka uguse chini ya sampo, unavuta oili yote kwenda kwenye tenki la pampu. Huinui gari kwa jeki, hulali kwenye mchanga. Watu wa boti wanafanya hivi siku zote, maana boti yenye injini ndani haina pa kulala chini yake.

Pampu yangu ya kwanza niliinunua kwa pupa Kariakoo: kijipampu cha umeme cha volti 12, chenye vibanio viwili vya kubana kwenye betri na mrija mwembamba laini. Elfu sabini. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii inamaliza lita nne dakika tano, unaenda zako kupika chai." Jumamosi saa moja asubuhi nikaanza. Saa tatu nilikuwa bado nimeinama juu ya boneti, pampu inavuta kwa kwikwi, inapata moto, naizima ipoe, naiwasha tena. Ilipofika karibu saa nne sauti ikabadilika, ikawa ya mtoto anayemalizia juisi ya ukwaju kwenye glasi. Nikasema alhamdulillahi, imekwisha. Nikamimina lita 3.4 za oili mpya, kiasi ambacho injini ya IST yangu, 1NZ, inachukua bila kubadilisha filta.

Nikachomoa dipstiki kupima. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole.

Nikaihamisha ile oili chafu kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Chupa ya kwanza ikajaa, ya pili ikaishia juu kidogo ya nusu. Yaani nilitoa lita 2.3, zaidi ya lita nzima ilibaki ndani, na mimi nikaiongezea 3.4. Laiti ningewasha gari, kranki, ile shafti inayozunguka juu ya sampo, ingeipiga oili hiyo mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu. Nilishinda pale hadi alasiri nikipunguza nilichokuwa nimekinunua asubuhi.

Pampu yenyewe haikuwa imeharibika. Shida ilikuwa mrija, na tangu siku hiyo kila ninaposoma tangazo la pampu hizi natafuta habari za mrija, na sizipati. Utaambiwa tenki ni lita ngapi, dhamana miezi mingapi, rangi nyekundu ipo na nyeusi ipo. Mrija unapigwa picha umekunjwa pembeni, hausemwi neno. Niliwahi kumpigia muuzaji mmoja kumuuliza tundu la ndani ni milimita ngapi. Akanyamaza, kisha akanijibu, "Sista, hiyo inaingia gari zote." Kuingia inaingia, hata waya wa baiskeli unaingia.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo hela yako inapopotelea. Nguvu ya kuvuta ina mwisho wake: hata pampu ingekuwa ya ajabu namna gani, haivuki mgandamizo wa hewa, kama bari moja hivi. Kinachobaki kuamua kasi ni wepesi wa oili na tundu la mrija, na tundu lina nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu mtiririko unabadilika kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Chukua mirija miwili, yote ina unene wa milimita 6 kwa nje, yote inaingia kwenye bomba lilelile la dipstiki. Mmoja una kuta nene, tundu lake ni milimita 4. Mwingine una kuta nyembamba ngumu, tundu ni milimita 5. Ukiuangalia kwa macho huoni tofauti, lakini wa pili unapitisha oili karibu mara mbili na nusu. Kazi ya dakika kumi na tano inakuwa dakika zisizofika saba.

Kwa nini wa bei ndogo wanaweka kuta nene? Kwa sababu wanatumia plastiki laini, na plastiki laini yenye kuta nyembamba ikivutwa inajibana. Hata hiyo nene, ikikutana na oili iliyotoka barabarani inalegea kama tambi, inajikunja chini ya sampo, ncha inatazama juu. Hapo unavuta hewa huku oili imelala pembeni inakuangalia. Na oili lazima iwe ya moto kiasi: oili ya daraja la 5W-30 ikiwa nyuzi 100 ni nyepesi takriban mara sita kuliko ikiwa nyuzi 40, na wale wanaotumia oili nzito ya 20W-50 tofauti yao ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mrija usiovumilia joto ni sawa na kununua jiko lisilotaka moto.

Kuna na kiungo. Mrija mwembamba unachomekwa kwenye mpira mnene unaokwenda kwenye tenki, na hapo ndipo pampu yangu ilikuwa ikivuta hewa. Jaribio lake ni rahisi, lifanye dukani mbele ya muuzaji: ziba ncha ya mrija kwa kidole, pampu ifanye kazi, usikilize. Ya mkono, ukiacha kupampu, kidole kiendelee kuvutwa kwa dakika nzima. Kikiachia, rudisha sandukuni. Na ubebe biti za drili za milimita 4 na 5 kwenye mkoba, uchomeke kitako chake kwenye tundu la mrija. Mimi niliazima kwa seremala jirani yangu. Watakucheka, waache wacheke.

Baada ya hayo, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Mityvac 7201, na sijifichi, hii naipenda. Ni ya mkono, haihitaji betri wala umeme, tenki lake linabeba lita 8.8, chini ina miguu ya kukanyagia isiyumbe unapopampu. Ina kizuizi kinachokata chenyewe tenki likijaa. Lakini nilichompendea ni mirija: inakuja zaidi ya mmoja, ya unene tofauti, migumu, inashuka kwenye bomba ikiwa imenyooka, na unahisi kabisa inapogonga chini ya sampo, tk, kama kijiko chini ya sufuria. Unapampu mara kadhaa, unaacha, inajivutia yenyewe wewe ukisafisha chujio la hewa. Na inarudisha pia: unageuza swichi, badala ya kuvuta inasukuma. Siku ukizidisha oili, au ukitaka kujaza oili ya gia kwenye tundu lililojificha, utanikumbuka. IST yangu inamaliza kama dakika nane.

Niliihakiki mara ya kwanza kwa sababu mafundi wote walinitisha kwamba "uchafu unabaki chini, mama, injini itakufa". Nilinyonya mpaka mwisho, kisha kwa mkono wangu nikafungua ile nati ya sampo nione kilichobaki. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha kahawa. Injini nyingine sampo yake ina kona ambayo bomba la dipstiki haliifikii, kwa hiyo na wewe fanya jaribio hili mara moja kwa gari lako, halafu usisumbuliwe tena na mtu.

Ya pili ni Pela 6000, ya Sweden, inayojulikana sana kwa watu wa boti. Lita 6, pampu iko juu ya tenki la duara, ni nyepesi na imara. Inavuta tu, hairudishi. Kwa gari dogo inatosha na kubaki, na kwa Mercedes ya shemeji yangu, C200 yenye injini ya M271 inayochukua lita 5.5, imetosha kwa kubanana. Gari lake ndilo linalofaidi kuliko langu, maana filta yake iko juu: ananyonya, anafungua kifuniko, anabadilisha, hajainama hata mara moja. Filta ya IST inafikiwa kwa chini, hivyo nikikwambia hutachafuka kabisa nakudanganya. Mimi napandisha tairi moja la mbele kwenye ukingo wa baraza, naweka breki ya mkono na jiwe, napitisha mkono. Filta ikibadilishwa, oili ni lita 3.7.

Ya tatu ni zile pampu za mkono za lita sita na nusu zisizo na jina, au zenye jina linalobadilika kila kontena. Tenki si baya. Mrija ni kamari.

Ya nne, za volti 12. Nimeshasema. Ukishikwa na tamaa, angalau usiitumie kunyonya petroli hata siku moja, ina cheche ndani.

Kabla hujatoa hata senti, fungua boneti yako kwanza. BMW E90 yenye injini ya N52 haina dipstiki, oili inapimwa kwa kompyuta, kwa hiyo njia hii isahau. Baadhi ya Mercedes wana bomba lenye kizibo tu bila kijiti, hao wanafaa. Msomaji mmoja wa Moshi alinilalamikia kwamba nilimponza, kumbe alinunua pampu kabla ya kuangalia kama gari lake lina pa kuingizia mrija. Pole, kaka, lakini hiyo si yangu.

Sasa la bei, niseme nipumue. Mityvac nilishindwa kuipata dukani hapa Dar, nikaagiza. Pampu ni tenki tupu la plastiki, lina uzito wa kilo chache. Wakala wa mizigo ya ndege akaniambia wananitoza kwa ukubwa wa sanduku, si kwa mzani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Nikalipia kilo tisa za hewa. Juu yake VAT ya asilimia 18, juu yake "gharama za kushughulikia" ambazo hakuna aliyeweza kunieleza zilishughulikia nini. Ningejua ningemwomba ndugu anayekuja na kontena aijaze nguo za watoto ndani, hewa ile itumike.

Halafu nenda Gerezani ukaulizie zile zisizo na jina. Duka la kwanza laki moja na themanini, la pili upande wa pili wa barabara, sanduku lilelile, laki mbili na nusu, "hii ni orijino". Orijino ya nani, wakati haina jina? Mume wangu alipokwenda peke yake kesho yake kwenye duka hilohilo la pili alitajiwa laki na tisini. Mimi nilikuwa na biti ya drili mkononi, yeye alikuwa na funguo za gari, na ninavyoona aliyeonekana mjinga wa magari si yeye.

Na oili chafu uliyotoa usiimwage kwenye mtaro. Ina wateja. Seremala jirani yangu anaichukua yote kupaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, na ndiye aliyeniazima biti. Ndipo nilipoelewa kwa nini gereji hawajawahi kunirudishia dumu langu.

Kwa mliokwisha kununua za bei ndogo na mnaniandikia kuuliza kama mzitupe: msizitupe bado. Nenda duka la spea za malori, ulizia mpira wa upepo wa breki, ule mgumu wa nailoni. Unauzwa kwa mita, umetengenezwa kuvumilia joto na mafuta. Wa milimita 6 una tundu la 4, hautakuongezea kasi ila haulegei wala haujikunji. Kama bomba la dipstiki la gari lako linapokea wa 8, chukua huo, tundu lake ni milimita 6, na hapo utaona maajabu. Unauzwa umekunjwa, kwa hiyo unyooshe kwanza kwa maji ya moto, uufunge kwenye fito mpaka upoe. Ncha ikate mshazari, isije ikajibandika kwenye sakafu ya sampo na kuziba. Kiungo kibane kwa klipu ya chuma. Na kabla ya kunyonya soma dipstiki uandike oili ilikuwa wapi, kisha pima kilichotoka kwenye chupa za maji kabla hujafungua dumu jipya.